Maji ya Ghuba Yamegeuka Kijani: Je, Kuyachemsha Kunatosha?

*Swali: "Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Bukavu, komini ya Ibanda, hatua chache kutoka ziwani. Robine yetu hukauka hata siku nne au tano, na siku hizo watoto huchota maji ya ziwa kwa bidoni. Ni wiki mbili sasa maji ya ghuba yetu yamekuwa ya kijani, na asubuhi unaonekana utando mzito ukingoni, kama rangi iliyomwagika, wenye harufu ya majani yaliyooza. Mtoto wangu wa miaka sita alioga pale. Jioni akawashwa mwili mzima na kutapika mara mbili, kesho yake akawa mzima. Bata wangu wawili wamekufa. Jirani mmoja anasema ni gesi ya ziwa inayopanda. Mwingine anasema tuchemshe tu, moto huua kila kitu. Wazee wa avenyu wanataka tuchange pesa, tununue mrututu tuumwage majini. Nimwamini nani? Na sambaza je, tuendelee kuwala?"*

Mama, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kueleza mambo yote yanayohitajika: rangi, harufu, saa ya siku na mahali utando unapojikusanya. Mtu akieleza hivyo, nusu ya kazi yangu imekwisha fanyika. Hofu yako ni kwamba maji mliyoyategemea kwa miaka yamegeuka sumu, na kila anayekushauri anavutia upande wake. Kwa kuwa watoto watashika bidoni kesho asubuhi, natanguliza jibu: kuanzia leo msinywe, msipikie wala msioge maji yanayochotwa penye utando huo, hata yakichemshwa. Mrututu, ile chumvi ya shaba, msiumwage. Gesi ya ziwa haihusiki. Sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, wanaovuliwa katikati ya ziwa mnaweza kuendelea kuwala, kwa sharti nitakaloeleza. Sasa naomba uniruhusu nieleze kwa nini, kwa sababu mtu akijua sumu hii inakaa wapi, hahitaji tena kuuliza kila ushauri mpya unaoletwa mlangoni.

Nianze na gesi, kwa maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Ni kweli kwamba Kivu ni ziwa la pekee. Kina chake kinafika mita 485, na katika maji ya chini zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na takriban 60 za methani. Lakini gesi hiyo imefungiwa huko chini na uzito wa maji yaliyo juu yake, na maji ya chini yenyewe ni mazito kwa chumvi, kwa hiyo hayapandi ovyo. Tena gesi haina rangi. Ziwa Nyos la Kamerun lilipolipuka mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700, maji yake yaligeuka mekundu kwa sababu ya chuma kilichotoka vilindini. Hayakuwa ya kijani. Hatari ya gesi inayowagusa watu wa Goma na Sake mara kwa mara ni mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, na hiyo haina uhusiano na utando wa ghubani kwako. Jirani yako ana haki ya kuliogopa ziwa, ila hapa ameogopa kitu kingine.

Unachokieleza kinafanana sana na kuchanua kwa viumbe vinavyoitwa sayanobakteria. Watu huviita mwani, na mimi mwenyewe nitalitumia neno hilo kwa urahisi, lakini kwa hakika ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani yanavyofanya. Aina inayojulikana zaidi duniani inaitwa Microcystis. Ukiiweka chini ya hadubini unaona vijidoa vidogo vya mviringo, mamia kwa mamia, vimeshikana ndani ya ute kama mayai ya chura, na ndani ya kila kidoa mna vipovu vya hewa vinavyoonekana vyeusi. Vipovu hivyo ndivyo siri yake. Usiku upepo ukitulia, makundi hayo huelea yakapanda juu. Alfajiri kijiupepo chepesi huyasukuma yote upande mmoja, yakarundikana ukingoni. Ndiyo maana unaona utando asubuhi, na mchana upepo ukivuruga maji unadhani umekwisha. Haukukwisha, umechanganyika tu na maji, na usiku utapanda tena.

Umesema ni kama rangi iliyomwagika. Mwaka 1878 mtu mmoja aitwaye George Francis aliandika kuhusu Ziwa Alexandrina, lile wangwa kubwa lililoko mto Murray unapoingia baharini kusini mwa Australia, ambako kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walikuwa wakifa baada ya kunywa maji. Yeye naye aliufananisha utando huo na rangi ya mafuta ya kijani, mzito kama uji. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kisayansi tuliyo nayo kuhusu sumu hii, na mama wa Bukavu ameieleza kwa maneno yale yale bila kuisoma. Nalisema hili ili usidhani jicho lako si kipimo. Ni kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho kinachookoa.

Kwa nini ghubani kwenu, wakati katikati ya ziwa maji ni ya samawati kama kawaida? Ziwa Kivu kwa ujumla halina mwani mwingi, kwa sababu mbolea yake, yaani fosforasi na nitrojeni, imelala kwenye maji ya chini yasiyochanganyika na ya juu. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusini hupoza na kukoroga tabaka la juu hadi kina cha mita 60 hivi, na sehemu ndogo ya mbolea hiyo hupanda. Wanaofaidika zaidi ni mwani wenye magamba ya kioo, ambao hauna madhara kwa mtu na ndio unaowalisha wadudu wa majini wanaoliwa na sambaza. Huo ni mwenendo wa ziwa tangu zamani. Ghuba ya mjini ni jambo jingine. Ina mdomo mwembamba, maji yake hukaa muda mrefu bila kubadilishwa, na kila mvua inaponyesha hupokea yote yanayoteremka kutoka Kadutu na Ibanda: udongo wa milima iliyokatwa miti, maji ya vyoo, maji ya kufulia, taka za soko. Hiyo ndiyo mbolea. Kilo moja ya fosforasi inaweza kulisha hadi kilo 500 za mwani mbichi.

Kwamba fosforasi ndiyo mkosaji mkuu kulithibitishwa kwa jaribio ambalo napenda kulisimulia kila ninapopata nafasi. Mwaka 1973 kule Ontario, Kanada, David Schindler na wenzake waligawa ziwa dogo, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki kutoka ukingo hadi ukingo. Pande zote mbili wakatia kaboni na nitrojeni. Upande mmoja tu wakaongeza fosforasi. Upande huo uligeuka kijani kabisa, na ule mwingine ukabaki kama ulivyokuwa, ziwa lile lile, jua lile lile. Hispania nako kuna wangwa la pwani linaloitwa Mar Menor, la kilomita za mraba kama 135, lililopokea mbolea za mashamba kwa miaka mingi likavumilia; mwaka 2016 likageuka kama supu ya kijani, na Oktoba 2019 samaki kwa maelfu wakajitupa ufukweni wakitafuta hewa. Ghuba yako ni ndogo kuliko hilo, lakini umbile ni lile lile: maji yaliyozungukwa na watu, yenye mlango mwembamba wa kutokea.

Sasa tufike kwenye moto, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia wakiwa na nia njema. Kuchemsha huua vijidudu, na jirani yako hakukosea kwa upande huo. Lakini sumu ya Microcystis, iitwayo mikrosistini, si kijidudu. Ni kemikali, pete ndogo iliyofungwa kwa asidi amino saba, na pete hiyo haikatiki kwa maji yanayochemka. Kibaya zaidi ni kwamba sumu hiyo, mwani ukiwa hai, imo ndani ya seli zake. Ukiuchemsha mwani, seli hupasuka na sumu yote huingia kwenye maji unayokusudia kunywa, huku sehemu ya maji ikipotea kama mvuke na sumu ikibaki sufuriani. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, ulikutwa na sumu hii kwenye mabomba, na takriban watu nusu milioni wakaambiwa waziwazi kwamba wasinywe maji na wala wasiyachemshe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita kwa maji yanayonywewa siku zote, na 12 kwa muda mfupi wa dharura. Hicho ni kiasi ambacho ulimi hauwezi kukionja wala jicho kukiona.

Nilipokuwa bado mwanafunzi, nilichota chupa mbili za maji ya kijani mahali pamoja. Moja niliiweka mahali penye ubaridi na giza. Nyingine niliisahau dirishani, juani, siku tatu. Nilipoikumbuka, kijani kilikuwa kimetoweka. Chini palikuwa na mashapo kidogo ya kijivu, na maji yenyewe yalikuwa maangavu yenye rangi ya samawati, mazuri ajabu, kama maji yaliyotiwa buluu ya kufulia. Mwenzangu mmoja alisema kwamba sasa yamesafika. Mwalimu wetu akaichukua ile chupa, akaiinua kwenye mwanga, akatuambia kwamba ile samawati ni rangi iliyokuwa ndani ya seli, na kama rangi imetoka nje, basi kila kilichokuwa ndani kimetoka nje. Chupa ya kijani ilikuwa na sumu iliyofungwa. Chupa maangavu ilikuwa na sumu iliyofunguliwa. Tangu siku hiyo siogopi sana maji ya kijani kama ninavyoogopa maji yaliyokuwa ya kijani wiki iliyopita.

Kwa mfano huo utaelewa kwa nini nasema mrututu usimwagwe. Ni kweli unaua mwani, tena upesi, na kesho yake ghuba itang'aa na wazee watapongezana. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Australia, bwawa lililotoa maji ya kunywa lilitiwa mrututu kwa sababu ya mwani. Siku chache baadaye watu zaidi ya 140, karibu wote watoto, walilazwa hospitalini, ini na figo zikiwa zimeumia. Mwani uliuawa ukaachia sumu yake yote kwa mara moja ndani ya maji yaliyoendelea kunywewa. Juu ya hayo, shaba ya mrututu hubaki kwenye tope la chini na kuua konokono, wadudu na vifaranga vya samaki. Waambie wazee kwa heshima kwamba nia yao ya kuchanga ni njema sana, na nitarudi kwenye pesa hizo.

Kabla ya yote, hakikisha unachopambana nacho, kwa maana si kila kijani ni sumu. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, vaa mifuko ya plastiki mikononi, chota maji penye kijani ukijaza robo tatu, ioshe nje kwa maji safi na uiweke kivulini usiku mzima bila kuitikisa. Asubuhi iangalie bila kuigusa. Kijani kikiwa kimepanda juu na kufanya pete shingoni mwa chupa, huenda ni sayanobakteria. Kikiwa kimezama chini, huenda ni mwani wa kawaida au udongo. Pia chovya fimbo kwenye utando: zikitoka nyuzi ndefu kama nywele, ni mwani mwingine usiodhuru kwa kawaida, fimbo ikitoka kana kwamba imechovywa kwenye rangi, basi ni sayanobakteria. Jaribio hili haliwezi kukuambia kama sumu ipo, kwa sababu aina moja ina jamaa wenye sumu na wasio nayo, na hata mimi na hadubini yangu siwezi kuwatofautisha kwa macho. Hilo huhitaji kipimo cha sumu chenyewe. Ila kwa mama mwenye watoto wanne, pete ya kijani chupani, mtoto kuwashwa na bata kufa vinatosha kufanya uamuzi.

Maji mtayapata wapi, basi? Kwanza, yale ya robine. Sehemu kubwa ya maji ya Regideso, shirika la maji ya bomba, hapa Bukavu hutoka mto Murhundu, hayatoki ziwani, kwa hiyo mwani wa ghubani haumo humo. Siku yanapotoka, jazeni kila chombo chenye mfuniko, na maji hayo ndiyo yawe ya kunywa na kupikia, hata kama ya kufulia yatakosekana. Pili, mvua. Mji wetu hupata mvua kuanzia Septemba hadi Mei, na paa la bati lenye mfereji na pipa hukusanya maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Yaacheni ya dakika za kwanza yaoshe bati, kisha mkinge. Tatu, chemchemi zilizojengewa. Maji ya mvua na ya chemchemi yachemsheni au yatieni klorini kama kawaida, kwa maana hatari yake ni vijidudu, na kwa vijidudu moto unafanya kazi yake sawasawa. Yaani sikukatazi kuchemsha, Mama. Ninachokukataza ni kutegemea moto kwa sumu ambayo moto hauigusi.

Ikibidi kabisa kutumia maji ya ziwa, mpe kijana mwenye mtumbwi kazi ya kuchota mbali na ghuba, penye maji ya samawati, akizamisha bidoni ikiwa imefungwa na kuifungulia chini ya maji kwa urefu wa mkono, kwa sababu mwani hukaa juu. Hapo utakuwa umeepuka sehemu kubwa ya hatari kwa gharama ndogo. Nyumbani, fuata mpangilio mmoja usiogeuzwa: kwanza ondoa seli zikiwa nzima, ndipo uue vijidudu. Pitisha maji kwenye kikwembe cha zamani kilichokunjwa mara kadhaa; kikwembe kilichofuliwa sana hubana zaidi kuliko kipya. Kisha zungusha jiwe la shabu mizunguko michache, yaache yatulie saa kadhaa hadi uchafu uzame, na umimine polepole yale ya juu bila kutibua. Ukiwa na chujio la mchanga, yapitishe humo. Mwisho kabisa tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda wote uliotajwa. Ukianza na klorini au moto, umepasua seli, na hakuna kikwembe kinachoweza kukamata sumu iliyoyeyuka.

Hata hivyo lazima nikuambie mpaka wa njia hiyo. Klorini inaweza kuharibu sehemu ya mikrosistini, lakini huifanya kazi hiyo vizuri kwenye maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) chini ya 8, na maji ya Kivu yana pH karibu na 9. Makaa maalumu yanayotengenezwa viwandani kwa ajili ya kuchuja huondoa sumu. Makaa ya jikoni mwako sivyo, hata yakisagwa laini namna gani, na nimewaona watu wakiyaamini na kujipa moyo bure. Kwa hiyo maji ya penye utando hayana dawa ya nyumbani ninayoweza kuiwekea dhamana. Yasitumiwe, hasa kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga, kwa mjamzito, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa ini au figo.

Kuhusu sambaza, hao huvuliwa usiku kwa taa, mbali na ukingo, katika maji mapana ambako utando haupo. Waliletwa hapa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo ndio protini ya nyumba nyingi. Sitaki hofu ya ghuba moja iwaondoe mezani kwa watoto. Sharti langu ni kwamba sambaza tunawala wazima pamoja na matumbo, na sumu hii hukaa zaidi kwenye matumbo na ini kuliko kwenye nyama. Kwa hiyo muulize muuzaji wamevuliwa wapi, na waliokokotwa kwa chandarua karibu na utando wasinunuliwe. Tilapia wa ukingoni ni shauri jingine, kwa kuwa yeye hula mwani wenyewe. Kama hakuna budi kumla, mpasue, toa matumbo na ini vyote, osha kwa maji safi na utupe maji ya kuoshea. Kukaanga na kukausha hakuiondoi sumu. Samaki aliyeokotwa akielea asiliwe kabisa. Mara nyingi samaki wa ghuba hufa alfajiri kwa kukosa oksijeni, kwa sababu usiku mwani huo wote nao unapumua, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba aliyekufa kwa kukosa hewa hakuwa na sumu pia.

Mtoto wako kuwashwa na kutapika jioni ile ile, kisha kupona kesho yake, kunalingana na kugusa na kumeza maji ya utando. Akigusa tena, mwogeshe mara moja kwa maji safi na sabuni, na nguo zifuliwe. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekolea kama chai, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, usingizi usio wa kawaida, kupumua kwa shida, au ganzi mdomoni na vidoleni, kwa sababu kuna aina nyingine za mwani ambazo sumu yake hushika neva. Mwambie muuguzi wazi kwamba mtoto alioga kwenye maji ya kijani, asipoambiwa hatalifikiria.

Na hapa nakuomba usome polepole. Kuhara kwingi kama maji yaliyooshewa mchele ni kipindupindu hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama ghuba ni ya kijani namna gani. Nimekwisha kuona watu wakisema "ni ule mwani tu" na kukaa na mgonjwa nyumbani. Kipindupindu huua kwa saa, si kwa wiki. Julai 1994, wakimbizi walipomiminika Goma na kunywa maji ya ziwa hili hili, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Kipindupindu na mwani vina udugu pia: kijidudu cha kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye wadudu wadogo wa majini, ambao huongezeka chakula chao, mwani, kinapoongezeka. Utafiti wa Bangladesh uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake waliochuja maji kwa sari ya zamani iliyokunjwa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, na ndiyo sababu ya kile kikwembe nilichokitaja. Mgonjwa anapopelekwa, anywe njiani maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kilima.

Bata wako nawasikitikia, kwa maana najua ni akiba ya nyumba. Siwezi kukuambia kwa hakika kilichowaua. Magonjwa ya ndege nayo hupita mitaani na kuua wawili watatu kwa mara moja. Lakini bata hunywa palepale utando ulipo na kujisafisha manyoya kwa mdomo, kwa hiyo hupata sumu mapema kuliko mtu. Wafukiwe, wasiliwe wala wasitupiwe mbwa, na waliobaki wafungiwe mbali na maji. Kifo kingine kikitokea, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumfukia huyo.

Pesa ambazo wazee wanataka kuzichanga, mimi ningewashauri wazigawe sehemu mbili. Ya kwanza inunue tanki na mfereji wa bati kwa nyumba moja yenye paa kubwa, mvua ikusanywe kwa ajili ya avenyu nzima. Ya pili ilipe vijana wazibue mtaro unaomwaga ghubani, wachimbe shimo la kutulizia udongo kabla haujafika ziwani, na waondoe taka zilizoziba mdomo wa ghuba ili maji yapate kupita. Mnajua kwamba plastiki za mji huu huelea hadi kwenye bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme. Plastiki hizo hizo ndizo zinazozuia maji yenu yasibadilishwe. Vyoo vinavyotiririka ziwani ni kazi kubwa kuliko mchango wa avenyu, nami sitaki kuwadanganya kwamba mtamaliza tatizo kwa majembe mawili. Lakini kila kilo ya udongo na mavi inayobaki mlimani ni chakula ambacho mwani haukukipata.

Mwisho, kuna msaada msioweza kuukosa. Mjulishe mganga mkuu wa zoni yenu ya afya, hasa kama kuna watoto wengine waliowashwa. Watoto watano wa mtaa mmoja ni taarifa, mmoja ni bahati mbaya. Katika Taasisi ya Ualimu ya Bukavu, ISP, kuna kitengo cha hidrobiolojia ambacho kimefanya kazi kwenye ziwa hili kwa miaka mingi, na Kituo cha Utafiti cha Lwiro nacho kina watu wanaolijua. Wapelekee chupa mbili, moja ya penye utando na moja ya mbali, zilizochotwa asubuhi hiyo hiyo, zikiwa kivulini na penye ubaridi, kila moja imeandikwa tarehe, saa na mahali. Chupa iliyoachwa juani, kama ile yangu ya dirishani, haitawaambia lolote la maana.

Nawe anza kuandika kwenye daftari la mtoto: kila asubuhi saa kumi na mbili, utando upo au haupo, upepo unatoka wapi, mvua ilinyesha au la. Siku kijani kitakapotoweka, usiwaruhusu watoto kurudi majini siku hiyo. Andika tarehe, hesabu wiki mbili kamili bila utando wowote, na utando ukirudi hata asubuhi moja, anza kuhesabu upya.